Hapo Ni Kwetu

Masharti ya shindano yalikuwa mafupi. Picha moja kwa kila mtu. Mada: mandhari ya Bonde la Ufa. Kichwa kisizidi maneno matano, maelezo yasizidi maneno 30. Siku ya mwisho Jumapili, saa sita usiku. Zawadi ya kwanza: shilingi laki moja.

Kwa wengine laki moja ni pesa ya wikendi. Kwangu mimi ni kodi ya chumba hapa Section 58, Nakuru, kwa zaidi ya mwaka mzima. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponilemea, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipwa: maelezo ya bidhaa, wasifu wa watu wanaotafuta kazi, hata hotuba za harusi za watu nisiowajua. Kamera yangu ni ya mtumba na kioo chake kina mkwaruzo. Kwa hivyo sitajifanya mtakatifu. Nilipoketi kuchagua picha, swali langu lilikuwa moja tu: ipi itashinda? Swali la pili, ipi nina haki ya kuituma, lilikuja baadaye bila kualikwa, na likakataa kuondoka.

Nilikuwa na picha tatu.

Ya kwanza ni ya Menengai alfajiri. Ukungu umejaa shimoni kama maziwa kwenye sufuria, jua linachungulia, na hakuna mtu hata mmoja. Hii ndiyo iliyopendwa sana nilipoiweka mtandaoni.

Ya pili ni ya Ziwa Nakuru, upande wa Barut. Migunga iliyokufa imesimama majini, myeupe kama mifupa. Maji yametulia, kila mti una kivuli chake chini yake, na mwari mmoja ametua juu ya tawi. Kichwa nilishakipata: "Ukimya".

Ya tatu niliipiga siku ile ile, dakika kumi baadaye. Nyanya wa rafiki yangu amesimama ukingoni na gambuti zake, ananyoosha kidole majini kuonyesha mahali lango lake lilipokuwa. Mwanga ni mbaya, upeo umepinda, na nyuma yake kuna jerikeni la njano linaloelea. Kama picha, ni dhaifu.

Nianze na Menengai, kwa sababu hiyo kosa lake lilikuwa rahisi kuliona. Asubuhi ile kulikuwa na mtu. Mama mmoja aliyefunga kitambaa cheupe alikuwa amepiga magoti ukingoni akisali. Watu wa Nakuru tunajua: Menengai watu huenda kufunga na kuomba, wengine hulala mapangoni siku kadhaa. Upande wa kulia kulikuwa pia na moshi mweupe, ambao si moshi bali mvuke wa visima vya umeme vilivyoanza kuchimbwa mwaka 2011. Nikaona vyote viwili vinaniharibia picha. Nilirudi nyumbani, nikafungua programu kwenye simu, nikapitisha kidole mara mbili, na yule mama akatoweka pamoja na sala zake. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Kwa masharti ya shindano, hiyo ilikuwa imetoka moja kwa moja. Ruhusa ni kurekebisha mwanga na kukata pembeni; kuongeza au kuondoa kitu ni marufuku. Sharti hilo lina historia. Mwaka 2012 Mwingereza David Byrne alishinda tuzo kubwa ya picha za mandhari nchini mwao kwa picha ya mashua za Lindisfarne, kisha akanyang'anywa zawadi ya pauni 10,000 ilipobainika kwamba alikuwa ameichezea picha mno kwenye kompyuta. Mwaka 2018 jumba la makumbusho la London linaloandaa tuzo ya picha za wanyamapori lilimvua ushindi Marcio Cabral wa Brazil, kwa sababu majaji waliridhika kwamba yule mnyama mla mchwa aliyeonekana kwenye picha alikuwa amekaushwa na kujazwa, hakuwa hai.

Nikaiweka Menengai kando, nikajipongeza. Lakini nilipokuwa nanawa uso wazo lingine likanijia. Je, kama nisingemfuta yule mama? Kama ningesogea tu hatua mbili kushoto, mgongo wa jiwe ungemficha. Picha ingekuwa halali kabisa. Hakuna jaji angeuliza. Na bado ingesema uongo ule ule: kwamba hapa hakuna mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa picha zangu zote. Masharti ya mashindano hukagua kidole kilichogusa programu. Hayawezi kukagua miguu iliyochagua pa kusimama.

Fikiria neno lenyewe. Mandhari limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ni kutazama. Ili pawe na mandhari, lazima pawe na mtazamaji, tena aliyesimama mbali kidogo. Anayelima pale haiti mandhari, anaita shamba. Anayechunga anaita malisho. Mahali huwa mandhari machoni pa mtu ambaye hana kazi pale.

Na bonde letu hili limetazamwa sana na watu wa namna hiyo. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kutoka sehemu za Naivasha na Nakuru ili walowezi wapate nafasi. Wengine wakapelekwa Laikipia, na baada ya mkataba wa 1911 wakahamishwa tena kuelekea kusini. Baadaye wageni wakaja kushangaa jinsi nchi hii ilivyo pana na tupu. Tupu! Mtu anatolewa chumbani, halafu chumba kinasifiwa kwa nafasi. Hata jina Nakuru ni la Kimaasai, lenye maana ya mahali pa vumbi, na Menengai husimuliwa kuwa mahali pa maiti, kutokana na vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe. Majina yanakumbuka watu. Ni picha ndizo zinazosahau. Filamu ya The Lion King ya 1994, ambayo watu wengi husema mandhari yake yalichotwa Hell's Gate pale Naivasha, haina binadamu hata mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Niliipenda nikiwa mtoto, bado naipenda. Lakini nimekaa bonde hili maisha yangu yote na sijawahi kuona kilima kisicho na mtu anayekipanda akienda mahali.

Basi nikabaki na picha mbili za ziwa.

Kwa asiyefahamu: tangu mwaka 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Naivasha, Elementaita, Nakuru, Bogoria, Baringo, yote. Ziwa Nakuru lilikuwa na takriban kilomita za mraba 40. Kufikia 2020 lilikuwa linakaribia 70. Mvua zilizidi, na udongo wa milima iliyokatwa misitu ukateremka na maji. Lango kuu la hifadhi na ofisi zake zikafunikwa. Flamingo, wale ambao picha zao ziko kwenye kila kalenda ya Nakuru, wakahama kwa wingi kwenda Bogoria na kwingine, kwa sababu maji ya mvua yaliipunguza ile magadi inayokuza chakula chao. Nje ya uzio wa hifadhi, Barut na Mwariki, maji yaliingia mashambani na majumbani. Hayakuja kwa kishindo kama mafuriko ya mto. Yalisogea polepole, hatua kwa hatua, kama mgeni anayesukuma kiti chake karibu na sahani yako.

Ile migunga myeupe kwenye picha yangu haikuzaliwa majini. Ilikufa ikiwa imesimama.

Nilimpigia rafiki yangu, yule ambaye nyanyake yuko kwenye picha ya tatu.

"Manze, nina tatizo. Picha ya ziwa ni kali, lakini naona ni kama naiba."

"Unaiba nini? Maji?"

"Hapo ni kwenu, bro. Natengeneza urembo kwa hasara yenu."

Akacheka. "Sisi hasara tunayo hata usipopiga picha. Piga. Ushinde. Uninunulie nyama."

Hoja yake ina nguvu kuliko inavyosikika, na sitaki kuiruka. Picha nzuri ya mahali palipoharibika haikupaharibu. Ningeifuta leo, ziwa lisingerudi nyuma hata shibiri moja. Isitoshe, nani alisema waliopoteza hawana haki ya urembo? Jua linazama vizuri Barut vile vile linavyozama Runda. Nikisema kwamba mahali pa maskini papigwe picha za huzuni tu, nitakuwa nimewanyima kitu kingine tena.

Lakini bado moyo haukutulia. Neno "Ukimya" lilikuwa linanisumbua, ingawa sikujua kwa nini. Kwa hivyo nikafanya uamuzi ambao ulinifanya nijisikie mtu mwema sana: nitatuma ile ya tatu. Picha mbaya lakini ya kweli. Nitapoteza laki moja, lakini nitalala usingizi. Nikaanza hata kuandika maelezo yenye maneno mazito: wahanga, tabianchi, waliosahaulika. Nilijiona kabisa niko jukwaani nikipigiwa makofi kwa ujasiri wangu.

Ni rafiki yangu aliyeuliza kwenye ujumbe, kama mzaha: "Na Kogo umemuuliza?"

Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin. Hapana, sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimeshughulika sana na heshima yake hata nikasahau kwamba yupo, na kwamba simu yake iko hewani.

Jumamosi nikapanda matatu, kisha boda, nikaenda. Siku hizi anakaa kwenye chumba cha kupanga juu kidogo, mbali na maji. Alinipa chai ya maziwa kabla hajaniuliza nimeleta nini. Nikafungua laptopu, nikamwonyesha kwanza ile ya tatu, yake mwenyewe. Nikamweleza kuhusu shindano na jinsi nilivyoamua kutuma ukweli.

Akaitazama kwa muda.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Kogo."

"Nimefanana na mtu anayeomba unga." Akasukuma laptopu kidogo. "Usitume hii, kijana. Watu watanijua hivi."

Nikaanza kumweleza. Kwamba watu wanahitaji kuona kilichotokea. Kwamba picha nzuri tupu inaficha. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kisha akauliza kama nina nyingine. Nikamwonyesha ile ya migunga, huku nikiona aibu kidogo.

Akavaa miwani. Akasogea. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mti wa tatu kutoka kushoto.

"Huu ndio mti wa lango. Mzee alifunga waya hapa. Huu mwingine ulikuwa wa jirani. Hapa katikati ndiyo njia ya ng'ombe." Kidole kikatembea juu ya maji, polepole, kama anatembea mwenyewe. "Nyumba iko hapa. Jikoni hapa. Hapa mahindi. Hii ndiyo picha. Hii ni nzuri sana. Umepapata."

Nilikuwa nimeitazama picha ile mara mia. Nilikuwa nimehesabu miti kwa ajili ya mpangilio: mitatu kushoto, miwili kulia, mwari juu ya mmoja. Sikuwa nimejua kwamba nimepiga picha ya boma zima, na ndani yake kuna njia ya ng'ombe.

"Umeipa jina gani?"

"Ukimya."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Ukimya? Hapo? Hapo kulikuwa na mbuzi, watoto, redio ya mzee tangu saa kumi na moja asubuhi. Hata sasa viboko wanapiga kelele usiku kucha. Ukimya uko wapi?"

Kisha akainuka, akatoa bahasha ya kaki chini ya godoro. Ndani mlikuwa na hati ya shamba, imefungwa kwa karatasi ya plastiki. Ekari zake bado ni zake kwa sheria, zote chini ya maji. Aliishika kando ya laptopu, kana kwamba analinganisha. "Hii," akasema akionyesha hati, "na hii," akionyesha picha. "Ni kitu kimoja."

Nikiwa kwenye matatu ya kurudi nilijaribu kuelewa nilikosea wapi. Nilikuwa nimedhani chaguo ni kati ya urembo na ukweli, na kwamba mtu mwadilifu huchagua ukweli na kuumia kidogo. Kumbe picha niliyoiita ya kweli ilikuwa na uongo wake: ilimgeuza mtu mwenye shamba, mzaha na hati kuwa mfano wa msiba. Na picha niliyoiona ni ya uongo haikuwa na kosa lolote ndani ya fremu yake. Kosa lilikuwa kwenye jina. Picha ilionyesha mahali; mimi nikaongeza neno lililosema hakuna mtu. Nilikuwa nimemfuta Kogo kama nilivyomfuta yule mama wa Menengai, ila safari hii sikutumia programu. Nilitumia Kiswahili sanifu.

Nimefikia hapa, na mnisahihishe kama nimepotoka. Picha ya mandhari ni madai. Inasema: hapa pako hivi. Na kila dai lina mtu anayeweza kulipinga kuliko wengine wote, yaani yule aliyekaa pale. Kabla ya majaji, yeye ndiye wa kuonyeshwa.

Najua kuna shida. Wa kwanza, huyo mtu anaweza kuwa na yake ya kuficha. Ukimwonyesha tajiri mwenye shamba la maua picha za ziwa, atapenda ile isiyo na bomba la maji machafu. Ndiyo maana nadhani swali si "unaipenda?" Kogo aliipenda picha, sawa, lakini kilichonishika si hicho. Kilichonishika ni kwamba alipatambua. Aliweza kuingia ndani ya picha na kutembea. Mwenye bomba naye, ukimwonyesha picha iliyofichwa bomba, atapenda, lakini wanaokunywa maji yale hawatapatambua. Waulize hao.

Ya pili, mara nyingi hakuna wa kuuliza. Waliokufa Menengai hawana simu. Waliohamishwa 1904 wamebaki kwenye majina ya mahali tu. Hapo sina jibu kamili. Labda kiasi cha chini ni kutosema palikuwa tupu. Kuacha nafasi kwenye maelezo, hata maneno matatu kati ya 30, yanayokiri kwamba kuna mtu alisimama hapa kabla ya kamera yangu.

Ya tatu ni ya kibinafsi. Yule mama wa kitambaa cheupe simjui na sitampata. Picha halisi bado ninayo, yenye sala na mvuke. Nimeirudisha mtandaoni mahali pa ile ya zamani. Imependwa na watu 11. Sawa tu.

Jumapili usiku, saa tano na dakika arobaini, nilituma ile ya migunga. Kichwa: "Hapo Ni Kwetu". Maelezo nimeandika kwa maneno yake, na nilimsomea kwenye simu kabla ya kubonyeza: "Mti wa tatu kutoka kushoto ni wa lango. Nyumba iko katikati, jikoni kulia, mahindi nyuma. Ziwa Nakuru, upande wa Barut. Kulikuwa na redio." Alinisahihisha kitu kimoja. Jikoni ni kushoto.

Matokeo bado. Pengine jaji ataona ni miti mizuri tu na mwari, na hilo pia ni sawa, kwa sababu ni miti mizuri. Nimeichapisha picha kubwa kwenye studio moja mjini nikampelekea. Ameibandika ukutani juu ya kitanda, na hati imerudi chini ya godoro, kwa hivyo sasa shamba lake liko juu yake na chini yake.

Lakini kuna jambo sijawaambia. Siku ile naaga, alinisindikiza mpaka kwa boda, akanishika mkono, akauliza: "Ukishinda hizo pesa, tutagawana?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nimelifikiria swali hilo kuliko yote mengine niliyoandika hapa. Kazi ni yangu: niliamka saa kumi usiku, kamera ni yangu, jicho ni langu. Miti ni yake. Rafiki yangu anasema nisijifanye mjinga, hakuna mpiga picha anayegawana na mlima. Ni kweli, mlima hauna kodi ya nyumba. Kogo anayo, na mimi ninayo.

Nimemwambia nusu. Naandika hapa mbele yenu kabla matokeo hayajatoka, kwa sababu najijua, na elfu hamsini ni rahisi sana kuahidi ukiwa huna.